Upole na Uwindaji: Uteuzi wa Wakazi Wenza wa Samaki Wawindaji Wakubwa katika Matangi ya Kioo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vigezo vya kuteua samaki wanaoweza kuishi salama pamoja na samaki mwindaji mkubwa ndani ya tangi la kioo. Mfano mkuu ni frontosa wa Ziwa Tanganyika, samaki anayesifiwa kwa upole lakini ambaye huwameza wenzake wembamba. Hoja inayotetewa ni kwamba ukali na uwindaji ni tabia mbili tofauti, na kwamba msamiati wa "mpole" na "mkali" unaotumiwa na wafugaji na wauzaji huificha tofauti hiyo. Mfugaji anashauriwa kuanza na kinywa cha mwindaji, umbo la mwenziwe, saa za kuwinda, chakula na hali ya maji, kabla ya kuuliza habari za tabia.

Utangulizi

Katika kumbi za hoteli, ofisi na nyumba za miji ya Afrika Mashariki na Kati, tangi la samaki si kitu kigeni tena. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba baadhi ya samaki wanaothaminiwa mno katika matangi ya Ulaya, Marekani na Japani asili yao ni maziwa ya kanda hii hii. Ziwa Tanganyika, linalogawanywa na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, lina takribani spishi 200 au zaidi za sikilidi, yaani jamii ya samaki ambamo perege na sato nao wamo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Usafirishaji wa samaki hao kutoka Burundi ulishika kasi katika miaka ya 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Pierre Brichard, na hadi leo wafugaji wa ng'ambo hutumia majina ya mwambao wa ziwa hilo kama majina ya aina za samaki. Mfugaji wa Berlin au Chicago asemapo "Burundi" au "Kigoma", mara nyingi hana mji wala nchi akilini mwake. Anamaanisha samaki mwenye idadi fulani ya mistari.

Mtu anunuapo samaki mkubwa wa aina hiyo, swali lake la kwanza huwa ni iwapo samaki huyo ni mpole au mkali. Muuzaji hujibu kwa neno moja kati ya hayo mawili, na kwa neno hilo hilo mnunuzi huenda kuchagua samaki wengine watakaoishi naye. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Swali lenyewe limeunganisha mambo mawili yasiyohusiana sana, na jibu lake, hata likiwa la kweli, halimwambii mnunuzi lile analohitaji kulijua.

Ukali, kwa maana itakayotumika katika makala haya, ni ugomvi. Samaki hugombania eneo, pango, jike au nafasi katika ngazi ya kundi, na mara nyingi humlenga yule anayefanana naye kwa umbo, kwa rangi au kwa mahitaji. Ukali una dalili: mapezi hutanuliwa, rangi hukoza au hufifia, mmoja humfukuza mwingine kutoka pembe hadi pembe, na mapezi yaliyochanika hubaki kama ushahidi. Mfugaji makini huuona mapema na anaweza kuchukua hatua.

Uwindaji hauna ugomvi ndani yake. Paka akimrukia panya hana kinyongo naye. Samaki anayemmeza mwenziwe hatanui mapezi kwanza wala habadili rangi, na akimaliza, ndani ya tangi hakuna jeraha la kutazamwa wala mzoga wa kuondolewa. Kwa hiyo samaki anaweza kuwa mpole kabisa na papo hapo akawa hatari, na mwingine anaweza kuwa mgomvi asiyeweza kumla yeyote. Wapo sikilidi wadogo wanaokula mwani tu ambao ni wakorofi kuliko wawindaji wengi wenye urefu mara tatu ya wao.

Frontosa na mawindo yake

Frontosa alielezwa kisayansi mwaka 1906 na George Albert Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, London, na sasa huitwa Cyphotilapia frontosa. Jamaa zake wa sehemu ya kusini ya ziwa walitengwa mwaka 2003 na kupewa jina la spishi nyingine, Cyphotilapia gibberosa. Dume hufikia urefu wa sentimita 30 na kuzidi, huota nundu kubwa kwenye paji la uso, na mwili wake una mistari mipana myeusi juu ya rangi nyeupe au ya samawati. Wale wa kaskazini, wanaouzwa kwa jina la Burundi, huwa na mistari sita; wale wa Kigoma huwa na saba.

Samaki huyu hukaa kwenye miteremko ya mawe, mara nyingi kuanzia kina cha mita 20 hivi kwenda chini, mahali ambapo mwanga ni hafifu. Huogelea taratibu, hukaa kwa makundi, na hugombana kidogo kuliko sikilidi wengi wa ukubwa wake. Yeyote aliyemtazama kwa nusu saa atakubali kwamba jina la upole halikutolewa bure. Kumfikisha juu nako si kazi ndogo. Shinikizo katika kina cha mita 30 ni takribani mara nne ya lile la usoni mwa maji, na samaki huyu hana njia ya haraka ya kuitoa hewa iliyomo katika kibofu chake cha kuelea. Akivutwa juu kwa mkupuo, hewa hiyo hutanuka na kumuua. Wapiga mbizi humpandisha kwa hatua, wakimwacha katika vizimba vya wavu kwenye vina mbalimbali hadi mwili wake uzoee. Samaki anayefika dukani akiwa hai amekwisha kugharimu muda na hatari nyingi za watu, na hilo lapaswa kukumbukwa na anayemchagulia jirani.

Karibu na miteremko hiyo hiyo huishi sikilidi wa jenasi ya Cyprichromis. Hawa ni wembamba, wenye urefu wa sentimita 10 au zaidi kidogo, na huelea katika maji ya wazi kwa makundi makubwa mno wakila viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji. Madume yao yana mapezi ya manjano na ya samawati, na kundi lao ni pambo ambalo mfugaji hulitamani. Mchana frontosa hawapati kwa urahisi, kwa kuwa ni wepesi kuliko yeye. Lakini usiku makundi hayo hutulia karibu na mawe, na wakati wa mapambazuko, kabla hawajachangamka, frontosa huwakaribia polepole, karibu bila kutikisa pezi, na kuwanyakua. Macho yake huona vyema katika mwanga hafifu kuliko ya mawindo yake, na hiyo ndiyo silaha yake. Hahitaji mbio.

Tazama sasa jinsi mantiki ya mnunuzi inavyompeleka mahali pabaya. Samaki hawa wawili wanatoka ziwa moja. Wanataka maji ya aina moja na jotoridi moja. Wote wawili huitwa wapole, na kweli hawagombani. Mmoja hukaa chini, mwingine juu, hivyo hata nafasi ya tangi inatumika vizuri. Kwa kila kigezo kinachotajwa dukani, wanafaana.

Na kwa miezi mingi wanafaana kweli. Frontosa hununuliwa akiwa na sentimita nane au kumi, hukua taratibu, na katika umri huo hawezi kummeza jirani aliyekwisha kukua. Siku moja mfugaji huwahesabu wale wembamba na kupata kumi na moja badala ya kumi na wawili. Hutafuta sakafuni nyuma ya tangi, kwa sababu Cyprichromis ni warukaji na hilo linawezekana. Hubadilisha maji, akihofia ugonjwa. Baada ya wiki mbili wanabaki tisa. Samaki wakubwa wanaonekana watulivu kama siku zote, na ni vigumu kumshuku mtulivu. Wakati wote huo tukio linatendeka katika zile dakika za alfajiri ambazo mwenye nyumba amelala, au sekunde chache baada ya taa kuwashwa ghafla, mawindo yakiwa bado yamezubaa.

Wapo wanaodai kwamba frontosa aliyelelewa kwa chakula cha vidonge tangu utotoni husahau kuwinda. Dai hilo halina msingi. Kumeza kitu kinachoingia kinywani hakuhitaji mafunzo, na samaki mwenye shibe hupunguza tu hamu kwa saa chache.

Kinywa, kina cha mwili na miba

Samaki wengi wawindaji wa maji baridi hawang'ati vipande. Hufungua kinywa ghafla, maji huvutwa ndani pamoja na mawindo, na kinachoingia humezwa kizima. Sikilidi wana taya za pili ndani ya koo ambazo huyashika na kuyasukuma mawindo kuelekea tumboni. Kutokana na umbile hilo, kipimo cha hatari si urefu wa mwindaji wala urefu wa mwenziwe. Kipimo ni upana wa kinywa kilichofunguliwa ukilinganishwa na kina cha mwili wa mwenziwe, yaani umbali kutoka mgongoni hadi tumboni, pamoja na unene wake.

Urefu hudanganya. Kina cha mwili wa Cyprichromis ni kama robo tu ya urefu wake, hivyo samaki wa sentimita 12 hupita katika kinywa kinachoonekana kidogo mno kwake, mkia ukibaki nje kwa dakika kadhaa hadi sehemu ya mbele isogee tumboni. Kinyume chake ni Altolamprologus compressiceps wa ziwa hilo hilo, aliyebanwa ubavuni kama sahani iliyosimamishwa, ambaye kina cha mwili wake hukaribia nusu ya urefu. Mbali na kimo hicho, ana magamba magumu na miba mingi mgongoni na tumboni, na akishambuliwa hupinda mwili na kumwelekezea adui upande wa magamba na miba. Akiwa mkubwa anaweza kukaa na frontosa kwa miaka. Akiwa mchanga wa sentimita tatu ni chakula kama wengine, na kwa kuwa hukua polepole sana, anapaswa kuingia tangini akiwa amekwisha kukomaa.

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kulinganisha samaki kama walivyo siku ya kununuliwa. Kinywa kinachopaswa kupimwa ni kile cha mwindaji aliyekomaa. Frontosa wa sentimita kumi na jirani wa sentimita kumi si sawa hata kidogo, ikiwa mmoja ataishia hapo na mwingine atafika thelathini.

Miba nayo yahitaji maelezo, kwa kuwa haitoi kinga rahisi kama inavyodhaniwa. Gogogo, yaani kambare wa jenasi ya Synodontis, ana mwiba mmoja mgongoni na mmoja katika kila pezi la kifuani, na anaweza kuisimamisha na kuifunga kwenye viungo vyake isilale tena. Wafugaji wengi humwona mwenzi bora wa mwindaji mkubwa: hula mabaki, hutembea usiku, na ngozi yake ni ngumu. Wanasema kweli ikiwa gogogo huyo ni mkubwa kuliko kinywa. Akiwa mdogo, mwindaji hujaribu kummeza kama anavyommeza mwingine, miba husimama katikati ya koo, na hakuna kati yao anayeweza kurudi nyuma. Asubuhi mfugaji huwakuta wote wawili wamekufa. Miba humlinda gogogo kama spishi, kwa maana kwamba mwindaji aliyekufa hatawala wengine. Huyo mmoja aliyekwama haikumsaidia kitu.

Kuna jambo jingine kuhusu gogogo wa Tanganyika ambalo anayezalisha frontosa hana budi kulijua. Mwaka 1986 mtafiti Mjapani Tetsu Sato alieleza katika jarida la Nature jinsi Synodontis multipunctatus anavyotaga mayai yake katikati ya utagaji wa sikilidi wanaoatamia mdomoni. Jike la sikilidi huyakusanya mayai ya kambare pamoja na yake, na vifaranga vya kambare, vinavyoanguliwa mapema, huwala wale wa mwenye kinywa humo humo mdomoni. Frontosa pia huatamia mdomoni. Kwa samaki mkubwa, gogogo huyo ni jirani salama. Kwa kizazi chake huenda si salama. Neno "salama" lahitaji kuulizwa daima: salama kwa nani?

Wasiofuata kanuni ya kinywa

Yote yaliyosemwa juu ya upana wa kinywa yanawahusu wanaomeza. Wapo wanaouma, na kwao ukubwa wa jirani si kinga. Kamongo, Protopterus aethiopicus, anayejulikana sana katika Ziwa Viktoria na ambaye hupatikana pia Tanganyika, ana mabamba ya meno yanayosaga magamba ya konokono. Anaweza kukata pezi, mkia au ubavu wa samaki anayelingana naye, na humfanyia hivyo hata kamongo mwenziwe. Bunju mkubwa wa maji baridi, Tetraodon mbu, anayefikia zaidi ya nusu mita, ana meno yaliyoungana mfano wa mdomo wa kasuku, na huyapunguza mapezi ya wenzake kidogo kidogo. Kambare wa umeme wa jenasi ya Malapterurus hutoa mshtuko unaoweza kufikia volti 350. Kwa watatu hawa hakuna orodha ya wenzi wa kupendekezwa: hufugwa peke yao.

Chakula na maji

Baada ya kinywa huja tumbo. Sikilidi wa jenasi ya Tropheus, nao wa Tanganyika, ni wanene na wepesi kiasi cha kutomezwa kwa urahisi na frontosa wa wastani, na wengi huwaweka pamoja kwa sababu hiyo. Lakini Tropheus hukwangua mwani kwenye mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya chakula hicho. Frontosa ni mla nyama. Ndani ya tangi moja haiwezekani kuwalisha mbalimbali: Tropheus, aliye mwepesi zaidi, atakula uduvi na vidonge vya protini vilivyokusudiwa jirani yake, kisha atavimba tumbo na kufa kwa maradhi ya utumbo. Hapa mwindaji hakumgusa mtu, na bado kuishi pamoja naye ndiko kulikomuua mwenziwe. Isitoshe, pilikapilika za Tropheus humnyima frontosa utulivu, naye huishia kujificha na kukataa chakula.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali na madini mengi. Kiwango chake cha pH ni karibu 9. Mito mingi ya Amazon ina maji laini, mengine yenye asidi. Oska wa Amerika Kusini, Astronotus ocellatus, anafikia ukubwa unaomwezesha kukaa mbele ya frontosa bila hofu ya kumezwa, na wapo wanaowaunganisha. Wote wanaweza kuvumilia maji ya katikati kwa muda, ila kuvumilia siko kustawi, na hakuna faida ya kuwalazimisha ilhali kila mmoja ana wenzi wanaotoka katika maji yanayofanana na yake.

Suala la pH lina uzito zaidi ya starehe ya samaki. Wawindaji hula protini nyingi, na taka ya protini ni amonia. Ndani ya maji amonia huwa katika sura mbili, na ile iliyo sumu zaidi huongezeka kadiri pH inavyopanda. Katika jotoridi la nyuzi 25, sehemu hiyo ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote pH ikiwa 7. Ni kama asilimia 5 pH ikiwa 8. Na ni takribani asilimia 36 pH ikiwa 9. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho tangi la maji laini lingekistahimili kinaweza kuua katika tangi la maji ya Tanganyika. Mzoga mmoja uliojificha nyuma ya mawe, au chakula kilichotapikwa na mwindaji aliyebugia, hutosha kuanzisha msiba. Kila mkazi anayeongezwa tangini huongeza taka, kwa hiyo swali la nani aishi na nani haliwezi kutenganishwa na uwezo wa chujio na ratiba ya kubadilisha maji.

Desturi ya kumlisha mwindaji samaki wadogo walio hai nayo haina utetezi mzuri. Samaki hao hutoka kwenye matangi yaliyosongamana na huleta vimelea. Samaki wa dhahabu, wanaotumiwa sana kwa kazi hiyo, wana kimeng'enya kiitwacho thiaminase kinachovunja vitamini B1, na mwindaji anayewategemea hudhoofika polepole.

Maficho: kisa cha Ziwa Viktoria

Jibu linalotolewa mara nyingi kwa hatari ya mwindaji ni kuongeza mawe, mapango na mimea ili wadogo wapate pa kujificha. Uzito wa jibu hilo unaweza kupimwa kwa tukio kubwa lililotokea katika kanda hii. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria na Ziwa Kyoga katika miaka ya 1950 na 1960. Ziwa Viktoria lilikuwa na mamia ya spishi za furu, sikilidi wadogo ambao kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden kilianza kuwachunguza kwa kina huko Mwanza mwaka 1977. Katika miaka ya 1980 sangara walifurika, na furu wa maji ya wazi na ya kina walitoweka kwa kasi ambayo watafiti hao waliishuhudia katika nyavu zao. Sangara hakuwa sababu pekee. Kuchafuka kwa maji kwa rutuba ya ziada na upungufu wa oksijeni vilichangia. Hata hivyo, ulaji wake ulikuwa na sehemu kubwa.

Walionusurika zaidi waliishi wapi? Baadhi walikuwa kwenye fukwe za mawe. Wengine walikuwa katika vinamasi vya mafunjo, hasa pembezoni mwa Ziwa Nabugabo nchini Uganda, ambako sangara pia aliingizwa. Katika vinamasi hivyo oksijeni ni kidogo mno kwa sangara, ilhali samaki wadogo kadhaa huivumilia. Ficho lililowafaa lilikuwa mahali ambapo mwindaji hakuweza kuingia kabisa, au hakuweza kukaa.

Tangi la nyumbani haliwezi kutoa ficho la namna hiyo. Oksijeni yake ni moja kwa wote, na pango ambalo mdogo huingia ni pango ambalo lazima atoke ili ale. Ziwani kundi linaweza kupoteza maelfu na kuyarudisha kwa kuzaliana. Tangini kuna kumi na wawili. Maficho kwa hiyo yana kazi moja ya kweli, nayo ni kupunguza ugomvi kati ya samaki wanaolingana, kwa kuwapa mipaka na mahali pa kuepukana macho. Ni dawa ya ukali. Anayeitumia kama dawa ya uwindaji anaahirisha tu siku ya kuhesabu.

Nafasi na utaratibu wa kuwaingiza

Tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60 lina ujazo wa lita 648 kabla ya kuweka mchanga na mawe. Kundi dogo la frontosa, dume moja na majike kadhaa, linaweza kukaa humo pamoja na gogogo wakubwa wachache na Altolamprologus waliokomaa. Kwa kuhe, Boulengerochromis microlepis, hesabu inakataa. Samaki huyu wa Tanganyika, mmoja wa sikilidi wakubwa zaidi duniani, anaweza kuzidi urefu wa sentimita 60, na katika tangi lenye upana huo hawezi hata kugeuka vizuri. Mahali pake ni ziwani, au kwenye matangi ya maonyesho yenye maelfu ya lita, na hakuna uteuzi wa wenzi utakaobadili jambo hilo.

Kuhusu utaratibu, samaki wapya wakae kwanza katika tangi la karantini kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwindaji mwenye ukubwa wa miaka mitano hapatikani tena kwa urahisi akiuawa na vimelea vya mgeni. Wakazi wengine watangulie kuingia tangini, mwindaji awe wa mwisho. Ikiwa tayari yumo, mawe yapangwe upya siku ya kuwaingiza wageni ili mipaka ya zamani ifutike. Taa ziwashwe na kuzimwa hatua kwa hatua: kwanza taa ya chumba, kisha ya tangi baada ya dakika kadhaa. Na mfugaji anayetaka kujua ukweli wa tangi lake aamke alfajiri siku mbili tatu za kwanza, atazame bila kuwasha chochote.

Samaki asiyepata wenzi

Hata kwa uangalifu wote, siku huja ambapo mwindaji amezidi ukubwa wa tangi au amewamaliza majirani. Hatua ya kwanza ni kumtenga. Ya pili ni kumrudisha kwa muuzaji au kumpa mfugaji mwenye nafasi. Kumwachilia katika mto, bwawa au ziwa lililo karibu ni njia nyepesi inayowavutia wengi, nayo ndiyo iliyo mbaya kuliko zote, kwa sababu zilizokwisha kuonekana Viktoria.

Hoja kwamba samaki wa Tanganyika akirudishwa Tanganyika amerudi kwao nayo haitoshi. Ziwa hilo lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, na samaki wa miteremko ya mawe hutengwa na fukwe za mchanga na vina wasivyoweza kuvuka. Ndiyo maana yule wa Kigoma ana mistari saba na yule wa Burundi sita. Frontosa wa Kigoma akiachiliwa kwenye mawe ya Burundi anaingia kati ya jamaa waliotengana na wa kwao kwa muda mrefu sana, akiwa na uwezo wa kuzaana nao, na pengine akiwa amebeba vimelea alivyovipata tangini kutoka kwa samaki wa Amazon au wa Asia. Aliyemfuga kwa miaka kumi hana njia ya kujua ni vimelea gani, wala hana njia ya kumvua tena.